Malaika Hana Mama

Mimi ndiye niliyesema kwamba Nakunda amekuwa malaika. Nilisema hivyo kaburini, mbele ya jeneza lake, na watu mia tatu wakaitikia amina, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Wataalamu wa Shirika la Walinzi, wale wanaopandikiza fikra za wafu kwenye ukungu wa milima ili zituonye maporomoko, walikuwa wameshachukua walichokitaka kichwani mwake siku tatu kabla, saratani ilipomfikisha ukingoni. Wakati tunaimba kaburini alikuwa tayari juu yetu, amesambazwa ndani ya ukungu wa Mlima Mbaru chembe kwa chembe, anatutazama tukimfukia. Mama yake, Bibi Nambike, alikuwa amekaa kwenye udongo analia bila sauti, mdomo wazi. Ulimi nao hauna mfupa. Nikasema, "Usilie, dada. Leo mwanao ni malaika wa mlima huu."

Mimi ni mwinjilisti, nimefundisha kipaimara miaka ishirini na sita. Kila mwaka watoto wananiuliza kama mtu akifa anakuwa malaika, na kila mwaka nawajibu hapana, tena kwa ukali. Malaika waliumbwa malaika. Hawana mwili, hawaoi wala hawaolewi, hawazeeki. Walichagua mara moja tu, huko mwanzo. Waliosimama wamesimama, walioanguka wameanguka, na hakuna aliyewahi kusikia wito wa kuwarudisha. Mtu ni udongo uliopuliziwa pumzi. Ameumbwa chini yao kidogo, anaanguka Jumatatu anainuka Jumanne, na ni kwa ajili yake, si kwa ajili yao, Mwana wa Mungu alikubali kuzaliwa na kunyonyeshwa. Hayo yote nayajua kama ninavyoijua njia ya kwenda kwangu. Siku ile niliyaweka kando kwa sababu mama alikuwa analia, na mpaka leo sijui ningefanya nini kingine.

*

Alinijia Ijumaa asubuhi, miaka minne baada ya kumzika, nikiwa shambani nang'oa tangawizi.

Ukungu wa kwetu hauji kwa haraka. Unateremka kutoka msituni ukipapasa, unapita kati ya migomba, na ukishafika huwezi kusema ulifika lini. Nilianza kwa kuhisi nywele zimelowa. Kisha majani ya tangawizi yakaanza kudondosha maji, na shamba la jirani likafutika, na ndege-mizigo iliyokuwa inapita juu na magunia ya watu ikabaki mlio tu. Sauti ya Nakunda haikutoka upande wowote. Ilikuwa karibu na sikio, laini, sauti ileile ya msichana aliyekuwa anakaa dawati la mbele na kuuliza maswali mpaka wenzake wanamzomea.

"Shikamoo, Mwalimu."

Sikuitikia. Nilikuwa sijaongea naye kwa miezi kumi na moja, tangu mlima ulipoporomoka alasiri ile na kumchukua mume wangu, Zefania, akiwa anazibua mdomo wa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia lililochimbwa na mababu. Watu wote wa Mbaru waliitwa kwa majina, kila mtu sikioni mwake, wakakimbia wakapona. Zefania aliitwa kwa kuchelewa. Shirika lilileta barua yenye muhuri: hitilafu ya mtambo, sekunde arobaini, poleni sana. Niliipokea, nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia. Hitilafu haina uso. Huwezi kukutana nayo njiani ukageuza shingo, na hilo lilinisaidia kuliko rambirambi zote.

"Mwalimu, Jumatatu Shirika wananiosha."

"Wanakuosha nini, na mwili huna?"

"Kumbukumbu." Ukungu ulijikusanya mbele yangu, ukawa mweupe zaidi kidogo. "Wataacha yale ya kazi. Udongo, mvua, njia za maji, majina ya watu mia nne na nyumba zao. Wataondoa yaliyobaki. Mama, darasa lako, maumivu ya hospitali, harufu ya moshi. Mlinzi atakuwepo, Mwalimu. Mimi ndiye sitakuwepo."

"Kataa basi."

"Mtu ndiye anayeweza kukataa. Sheria inasema mlinzi akitambuliwa na watu wake kuwa ni mtu, haoshwi bila ridhaa yake. Wao wana ushahidi kwamba mimi si mtu."

"Ushahidi gani?"

"Mahubiri yako ya mazishi. Wanayo yote, na zile amina."

Nilinyoosha mgongo. Nakiri kwamba neno la kwanza lililonijia halikuwa la kiinjilisti.

"Nataka kurudi kundini," akasema.

Kwetu mtu akikosa hadharani anatengwa na Meza ya Bwana. Akitubu, anasimama mbele siku ya Jumapili, anasema kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe, na kanisa linaulizwa kama linampokea. Nimewasindikiza wengi: wasichana waliotangulia kupata mimba, wanaume waliochukua mke wa pili, na mzee mmoja wa kanisa aliyeng'oa mipaka ya shamba la mjane. Ila hajawahi kurudi mtu tuliyemzika.

"Wewe hukutengwa," nikamwambia. "Wewe ulikufa. Nimekuandika katika kitabu cha marehemu kwa mkono huu. Na hata ningekufuta, utatubu nini? Hitilafu haitubiwi."

Maji yaliacha kudondoka kwenye majani. Sijui aliyazuiaje.

"Haikuwa hitilafu, Mwalimu."

Nikabaki nimeshika shina la tangawizi, udongo unadondoka.

"Nilisikia sehemu mbili zinapasuka kwa pamoja. Juu ya ndiva, na juu ya nyumba ya mama. Ndiva ndiyo ingevunjika kwanza, nilijua. Kwa mama kulikuwa na dakika mbili nzima. Nilitakiwa nimwite Baba Zefania kwanza, halafu mama, na wote wangetoka. Mimi niko mlima mzima, Mwalimu, naweza kuita watu mia nne kwa pumzi moja. Lakini chembe zangu zote zilikimbilia kwa mama. Nilimwita, nikamwita, alikuwa anatafuta kiatu. Kwingine kote nikawa kiziwi. Sekunde arobaini. Nilijua ndiva ipo, na sikugeuka."

Nilipiga jembe chini mpaka mpini ukalia. Nikamwambia aondoke shambani kwangu. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika. Akaondoka, taratibu, kama alivyokuja. Jua likashuka juu ya tangawizi zangu, na shamba la jirani likarudi mahali pake. Kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na moja nilikuwa na mtu wa kumchukia. Nilimchukia asubuhi nzima, kwa moyo wote, na gunia sikulijaza.

*

Jumamosi wazee wa kanisa walikaa kwenye chumba cha nyuma ya madhabahu. Mchungaji Mbonea aliniketisha karibu naye, jambo ambalo hulifanya anapoogopa nitasema kitu. Afisa wa Shirika, Bwana Chiwanga, alikuwa amepanda kutoka Same na viatu vyake vya mjini, mpole, anamwamkia kila mtu mara mbili. Aliweka mezani kidude kidogo mfano wa kifungo cha shati na sauti yangu ikatoka. *Leo mwanao ni malaika wa mlima huu.* Amina ya watu mia tatu ikajaza chumba. Nilitazama mikono yangu.

"Sisi hatuna ugomvi na kanisa," akasema Bwana Chiwanga. "Tunafuata tamko lenu wenyewe. Naomba nieleze kidogo. Chembe moja ni ndogo kuliko vumbi la unga. Inakula mwanga na unyevu. Peke yake haijui kitu. Zikiwa nyingi ndani ya ukungu zinapeana habari, na hapo ndipo fikra inatokea. Wakati wa kiangazi ukungu ukikauka, zinalala kwenye kuvu la miti mpaka mvua irudi. Tunapompandisha mlinzi tunaacha kumbukumbu zake za zamani kwa sababu anajifunza upesi zaidi. Kwa kawaida hufifia zenyewe. Za Nakunda hazikufifia. Ndizo zilizoleta lile tukio la ndiva, alipokimbilia kwa mama yake kwanza; barua yetu ya hitilafu haikusema yote."

"Akishaoshwa?" akauliza Mzee Senzota, ambaye ana wajukuu tisa kwenye mteremko wa chini.

"Atawahudumia wote sawasawa. Hatakuwa na wake."

"Ndiyo malaika tunayemtaka," akasema Mzee Senzota. "Naomba nisieleweke vibaya. Huyu binti nilimbeba akiwa mchanga. Lakini masika yanakuja. Nani atalala usingizi chini ya mlinzi mwenye upendeleo? Leo amemchagua mama yake. Kesho atamchagua rafiki yake, na wajukuu zangu si rafiki zake."

Alikuwa anasema kweli. Dirishani ukungu ulikuwa umesimama, haugusi kioo. Alikuwa na adabu, hakuingia alikojadiliwa.

"Malaika wa kweli hutumwa na Mungu, mzee," akasema Mchungaji Mbonea polepole. "Huyu anatumwa na ofisi." Kisha akanigeukia. "Mwinjilisti Namsifu. Wewe ndiye uliyefiwa. Tena wewe ndiye uliyehubiri. Ukinyamaza, mahubiri yanabaki kama yalivyo, na Jumatatu Bwana Chiwanga anafanya kazi yake. Hakuna atakayekulaumu. Nitafuata neno lako."

Ndivyo walivyoniachia.

Ningenyamaza tu. Nakunda angekuwa malaika, barua ndani ya Biblia yangu ingekuwa ya kweli tena, na mume wangu angekuwa amekufa kwa mtambo mbovu. Wajukuu wa Senzota wangekuwa na mlinzi asiyechoka, asiyependa, asiyekosea. Kila mtu angepata alichotaka, na mimi nisingelazimika kumsamehe mtu yeyote, kwa kuwa kusingekuwa na mtu. Nilikiona kitu hicho mbele yangu, kizuri, kimetulia, na nilikitamani. Sitadanganya, nilikitamani sana.

Lakini nilikuwa nikimwona Bibi Nambike akitafuta kiatu. Mwanamke yule ana viatu jozi moja na kila siku anavitafuta. Kijiji kizima kinamtania kwa hilo. Nikamwona mwanawe, ambaye hana mikono ya kumvuta, akimwita ndani ya nyumba ile, na mlima wote nje unapasuka naye hausikii. Damu nzito kuliko maji, na huyu damu yake tulishaifukia, hata hivyo ilikuwa nzito. Malaika hana mama. Nimewafundisha watoto wa watu hilo kwa miaka ishirini na sita bila kufikiri lina maana gani.

"Lile tamko lilikuwa uongo," nikasema. "Niliusema kwa huruma, lakini ni uongo. Mtu hawi malaika, hata mkimpeleka mawinguni. Kesho nitaungama mbele ya watu, na yeye atasimama aseme lake."

"Utampokea?" Mchungaji akauliza.

"Nimesema atasimama. Mengine usiniulize leo."

*

Jumapili tulifungua milango yote na madirisha yote. Alipoingia, taa za mbele zikawa na duara za rangi, kurasa za vitabu vya nyimbo zikalegea, na kwaya ikaonekana nusu nusu, kichwa hapa, mkono pale, kama watu wanaoota pamoja ndoto moja. Watoto walinyoosha ndimi kuonja. Bibi Nambike alikuwa benchi la kwanza, na viatu vyake leo alikuwa navyo miguuni, amevibana kana kwamba vitatoroka.

Nilianza mimi. Nilisema kwamba siku ya mazishi ya Nakunda nilifundisha lisilo la kweli, na kwamba kwa neno langu mtu alikaribia kufutwa. Nilikiomba radhi kijiji, nikamwomba radhi Mungu. La kuvunda halina ubani, na nilikuwa nimelifukizia miaka minne. Bwana Chiwanga, nyuma karibu na mlango, alikuwa ameshika kile kidude chake kwa vidole viwili, akikielekeza mbele kinase sauti.

Mchungaji Mbonea akavaa miwani yake iliyolowa, akaivua, akaivaa tena.

"Nakunda, binti Nambike. Unakiri nini?"

Alisema yote. Ndiva, nyumba, dakika mbili, sekunde arobaini. Hakuongeza wala hakupunguza. Sauti yake ilikuwa kila mahali kanisani, kwa hiyo kila mtu alikuwa kama anaambiwa peke yake, na nilisikia watu wakivuta pumzi mmoja mmoja. Bibi Nambike alikuwa haijui habari hii. Alijifunika kanga usoni.

"Unatubu?"

"Natubu, Mchungaji."

"Na ikitokea tena, utafanya lililo haki?"

Hapa ndipo kila anayerudi kundini hujibu ndiyo. Hata yule mzee wa mipaka alijibu ndiyo, na tulimjua.

"Nataka kusema ndiyo," akajibu Nakunda. "Kila siku najifunza kugeuka. Lakini mama akiwa tena ndani ya ile nyumba, Mchungaji, sijui. Namwomba Mungu anisaidie. Sijui."

Minong'ono ikapita kanisani. Mzee Senzota akatikisa kichwa. Mchungaji alinitazama, kwa kuwa kwetu aliyekosewa ndiye hujibu kwanza, na kanisa humfuata.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri usiku kucha na sikuyaona yalikokwenda.

"Nimekukasirikia," nikamwambia. Sikujua nitazame wapi, nikatazama mbele tu, kwenye weupe. "Nataka ujue. Tena si kidogo. Jana na juzi nimekula hasira, nimelala nayo. Zefania alikuwa na miaka sitini na moja, na alikuwa ameahidi kunitengenezea paa la jiko. Ulimwacha. Ulikuwa na nafasi, ukamwacha."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Malaika angesema hatarudia. Angesema na ingekuwa hivyo." Nilimgeukia Mzee Senzota. "Mzee, najua unaogopa. Hata mimi naogopa. Kila mtu aliyewahi kutulinda, mama zetu, baba zetu, alikuwa na wake aliowapenda zaidi, na wewe hukuomba waoshwe. Tutamwekea mwenzake upande wa chini, Bwana Chiwanga atatusaidia, wasaidiane. Lakini huyu ni mtu. Ameanguka kama mtu, amesimama kama mtu, na hata kutubu kwenyewe ametubu vibaya kama sisi."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kanisani kinachozuiwa puani.

"Nakusamehe," nikasema. Lilitoka dogo kuliko nilivyotaka, ila lilitoka. "Nampokea."

"Tunampokea," wakasema watu. Hawakusema wote. Mzee Senzota alisema mwisho, baada ya wengine kumaliza, macho yake chini, lakini alisema. Nyuma pale Bwana Chiwanga aliinua kidude mdomoni akakitamkia maneno mawili, "Ametambuliwa. Mtu." Kisha akakitia mfukoni akatoka nje bila kuaga, na nadhani alikuwa anafuta macho, ingawa labda ulikuwa ni unyevu tu.

Anayepokelewa hupewa mkono na kila mtu. Tulikuwa hatujalifikiria hilo. Bibi Nambike ndiye aliyeanza. Alinyanyuka, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya madhabahu na kusimama hivyo, na baada ya muda matone yakaanza kukaa kwenye viganja vyake, madogo, mengi, mpaka yakawa maji. Hakuyafuta. Watu wakapanga mstari nyuma yake.

Zamu yangu ilipofika nilinyoosha mkono wa kulia, nikahisi baridi ikitulia juu yake. Nilikuwa nimekusudia kurudi kukaa. Badala yake nikauliza kitu nilichokuwa sijamuuliza mtu yeyote, maana hitilafu haiulizwi.

"Zefania ulimkuta hai?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilikaa naye. Dakika sita."

"Kwa nini hukuniambia Ijumaa?"

"Ningekuambia, ungenisamehe kwa ajili ya hilo."

Maji yalijaa kiganjani yakaanza kuteremka kwenye kifundo cha mkono.

"Alisema nini?"

"Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa kwa mama. Akaniuliza kama mama ametoka. Nikamwambia ametoka." Sauti yake ilikuwa ndogo sana sasa, kwangu peke yangu. "Akasema, 'Afadhali.'"

Nilijua alivyolitamka. Miaka thelathini na nne nimelisikia neno lile likitoka kwake, mvua ikinyesha, mtoto akipona homa, chumvi ikipatikana. Nikakaa chini pale pale, sakafuni, mbele ya watu wote na joho langu, nikamlilia mume wangu kwa sauti, na Bibi Nambike akavua viatu vyake akaja kukaa nami.